Bi Kinyaa na Muziki wa Fundi

Chumba namba tatu kilikuwa na kitanda kimoja tu, nacho kilifanya kazi zamu mbili. Usiku alilala mtoto, mchana alilala mama. Saa moja kasoro asubuhi mama alirudi kutoka hospitali, alikokuwa mhudumu wa wodi zamu ya usiku, akavua viatu mlangoni, akanawa mikono mpaka viwiko, kisha akajitupa kwenye godoro lililokuwa bado na joto la binti yake. Binti alimfunika shuka, akanywa chai yake wima wima, akachukua mkoba wa shule na kufuli.

Ndiyo, kufuli. Nyumba ile ilikuwa ya kupanga, vyumba sita vikitazamana kwenye korido moja, na watu wa korido hawaujui mlango uliofungwa kwa ndani. Huyu anagonga kuazima chekeche, yule anagonga kuuliza kama maji yametoka, wa tatu anauza sabuni. Mama alikuwa akilala usingizi wa vipande vipande, mpaka binti alipotoa wazo la kumfungia kwa nje. Mtu akiona kufuli linaning'inia, hagongi, anajua wenyewe hawapo. Mama aliwekewa ndoo yenye mfuniko pembeni ya kabati, na saa nane mchana binti aliporudi shule alifungua mlango, akaibeba ndoo ile kwa mkono mmoja huku ameziba pua kwa mkono wa pili, akaenda kuimwaga chooni akitema mate njia nzima.

Haikuwa bure akaitwa Bi Kinyaa. Jina hilo alipewa na mama yake akiwa na miaka mitatu, siku alipokataa maziwa kwa sababu yana utando. Sasa alikuwa na miaka kumi na miwili, na kinyaa kilikuwa kimekua pamoja naye. Bafu la wote lilimchefua, na hapo hakuwa na makosa, maana tundu la kutolea maji lilikuwa limezibwa na nywele za watu wasiojulikana, na sakafu ilikuwa na utelezi wenye rangi ya kamasi. Nzi akitua kwenye ukingo wa sahani yake, chakula chote kilikuwa mali ya nzi. Kijiko alichokitumia mwenzake alikisugua mara tatu, kisha akala kwa mkono.

Lakini katika yote yaliyomchefua duniani, hakuna lililomfikia Fundi.

Fundi alikuwa fundi cherehani, mtu wa makamo, mnene, mcheshi, aliyekipanga chumba namba nne kuwa mahali pake pa kushonea. Alikuwa na mwezi mmoja tu tangu ahamie. Hakulala pale; alifika saa tatu asubuhi na kuondoka jua likizama. Alikuwa na tabia ya kubana pini midomoni, kumi na tano kwa mpigo, akizichomoa moja moja zikiwa zimelowa na kuzichomeka kwenye nguo ya mteja. Chai yake aliimimina asubuhi ikakaa juu ya meza mpaka mchana, ikiota utando, na juu ya utando vikitua vipande vya uzi. Siku moja alitua nzi. Fundi alimtoa kwa ncha ya mkasi, akainua kikombe, akanywa. Bi Kinyaa aliyaona hayo kwa macho yake akipita mlangoni, na siku ile wali wa mchana haukushuka kooni.

Na juu ya uchafu wote huo, muziki. Fundi alikuja na spika nzito yenye kimo cha mtoto wa miaka mitano, akaiegemeza kwenye ukuta wa chumba namba tatu. Ukuta wenyewe ulikuwa ukuta wa jina tu. Uliishia kwenye boriti, na juu ya boriti palikuwa na pengo ambalo paka mnene angepita bila kuinamisha kichwa. Kila siku ya shule, ikifika saa tatu na robo, vikombe vya mama vilianza kucheza kwenye rafu. Mama aligonga ukuta kwa kisigino cha kiatu, hakusikika. Aliziba masikio kwa pamba ya hospitali, lakini mdundo ulipanda kwa miguu ya kitanda ukamwingia kwenye meno.

Ajabu ni kwamba Bi Kinyaa mwenyewe hakuusikia sana muziki huo. Saa nane alipoingia koridoni, akapita mbele ya mlango wa Fundi, sauti ilishuka papo hapo. Jumamosi, siku ambayo hakwenda shule, haikupanda kabisa. Bi Kinyaa alilitafsiri jambo hilo upesi, kama alivyotafsiri kila kitu cha Fundi.

"Mnafiki," alimwambia mama yake. "Akiona watu anajifanya mstaarabu."

Wiki ya kwanza haijaisha, mama alimwita. Macho yake yalikuwa mekundu na sauti imekauka. "Nenda kwa Fundi, mwanangu," alisema. "Mwamkie vizuri, halafu mwambie mama anakesha kazini, mchana ndio usiku wake. Apunguze kidogo tu. Mimi nikienda na usingizi huu nitasema maneno mabaya."

Bi Kinyaa alikwenda mpaka kizingitini. Fundi alikuwa na pini mdomoni. Alipomwona alifurahi, akamwonyesha kigoda kwa mkono, akatema pini kiganjani, akazifuta kwenye suruali. Kisha akachukua kikombe cha mgeni, akamwagia maji kidogo, akazungusha kidole chake kinene humo ndani, akakung'uta na kuanza kumimina chai. Bi Kinyaa alikitazama kidole kile kikitoka kikombeni. Mate yalimjaa mdomoni. Alisema shikamoo, akasema amepita tu, akageuka na kurudi haraka kabla hajatapika mbele za watu.

Mama alikuwa anamngoja amekaa kitandani.

"Umemwambia?"

"Nimemwambia."

"Amesemaje?"

"Amesema atapunguza."

Ilitoka kirahisi hivyo, wala hakupepesa macho. Bi Kinyaa alijiambia kwamba kesho atakwenda kweli, Fundi akiwa hana pini. Kesho yake Fundi alikuwa na pini, na keshokutwa pia, na baada ya hapo tayari alikuwa "ameshaambiwa", na mtu aliyeshaambiwa utamwendea na lipi?

Muziki haukupungua, na mama aliumia kuliko kama angetukanwa. Alikuwa mmoja wa wale watu wanaosema jambo mara moja. Alisema mtu mzima akiombwa kwa adabu akakataa, kumrudia ni kujivunjia heshima. Basi akanuna. Saa kumi na moja jioni, akipita na sare yake ndani ya mfuko kwenda kazini, Fundi alimsalimu, "Habari za jioni, dada," naye akaitikia kwa kukohoa. Fundi alibaki akijikuna kichwa, asijue amekosa nini.

Wiki ya tatu mama alirudi asubuhi moja akiwa na barua. Hakuvua viatu. Alikaa kwenye kiti akaieleza kwa sauti ndogo, kana kwamba anaieleza sakafu. Muuguzi alimwambia amwangalie mgonjwa mmoja mwenye dripu, maji yakikaribia kwisha aite. Mama alikaa pembeni ya kitanda, akaangalia, akaangalia, akasinzia. Aliposhtuka chupa ilikuwa tupu na damu ya mgonjwa imeanza kupanda kwenye mpira. Mgonjwa hakudhurika, lakini barua ilisema wazi kwamba akikutwa amelala zamuni mara nyingine, hana kazi.

Walikuwa wawili tu ndani ya chumba kile. Kazi ile ndiyo ilikuwa chumba chenyewe, chakula, na sare aliyoivaa Bi Kinyaa. Mama alikwenda kunawa mikono, akamaliza, akanawa tena. Binti alimtazama na neno likamkaa ulimini, zito, chungu. Akilitoa, mama atajua ameteseka wiki mbili kwa uongo wa mtoto wake mwenyewe. Akalimeza, akafunga kufuli, akaenda shule.

Shuleni alikuwa na rafiki waliyemwita Nimesoma, kwa sababu kila alilolisema lilianza na "nimesoma mahali". Wakati wa mapumziko Bi Kinyaa alimweleza habari za muziki, zile za uongo akiziruka, na akamuuliza ukuta unazibwaje.

"Nimesoma mahali," alisema Nimesoma, "kwamba kwenye studio za redio wanabandika trei za mayai ukutani. Sauti inaingia kwenye vile vishimo, inapotea humo humo."

"Inapotea vipi?"

"Hapo sikumaliza kusoma."

Ilitosha. Shangazi yake Nimesoma alikuwa muuza mayai, na nyuma ya kibanda chake palikuwa na rundo la trei kuukuu za karatasi ambazo hata mbuzi alizinusa akazikataa. Shangazi alisema chukueni zote, mnanisaidia. Lo, trei gani zile! Mayai yaliyopasukia humo yalikuwa yamekauka yakawa magamba ya manjano. Vishimo vingine vilikuwa na manyoya yaliyogandia, vingine kinyesi cha kuku, na kimoja kilikuwa na yai zima lililosahaulika, jepesi, ambalo Nimesoma aliligusa tu likapasuka likatoa harufu ya kufukuza nzi. Bi Kinyaa alijifunga kitambaa puani, akajikaza, akabeba trei arubaini kichwani. Mtu aliyeshindwa kunywa kikombe cha chai alibeba mzigo ule barabara nzima, ute wa yai ukimtiririka nyuma ya sikio. Ndivyo uongo unavyotumikisha.

Jioni, mama alipokwenda kazini, alichemsha unga wa ngano ukawa gundi nzito. Alipanda juu ya meza akabandika trei moja baada ya nyingine mpaka ukuta wote ukajaa. Usiku, kama kawaida, bibi mwenye nyumba wa chumba cha kwanza aliacha mlango wazi ili amsikie mtoto akiita, naye alilalamika kwamba kuna kitu kimekufa mahali. Bi Kinyaa alijibu kwamba ni mtaro wa nje. Huo ukawa uongo wa pili.

Asubuhi mama alisimama katikati ya chumba akautazama ukuta. Binti akaeleza kwamba ni za kuzuia sauti. Mama hakuuliza harufu inatoka wapi. Alimpapasa kichwa akasema, "Una akili, mwanangu. Una huruma pia," akalala akiwa na tabasamu. Bi Kinyaa alifunga kufuli. Sifa ile ilimkaa vibaya tumboni kuliko ute wa yai.

Na muziki? Muziki ulipita juu ya boriti kama ulivyopita jana, ukashuka upande wa pili bila hata kuzigusa trei.

Siku ya tatu chumba kilianza kunuka kama banda. Siku ya tano walikuja mende. Kwanza walikuwa wadogo, wekundu, wakichungulia kwenye vishimo. Kisha walikuja wakubwa wenye mabawa, wanaong'aa kama waliopakwa mafuta, wakila unga wa ngano na viini vilivyokauka, wakizaa bila haya. Ukigonga ukuta ulisikia wakikimbia ndani ya karatasi, kwakwakwakwa. Waliingia kwenye sukari. Waliingia kwenye mkoba wa shule, na mmoja alitembea juu ya daftari la hesabu mwalimu akiwa analisahihisha. Siku ya saba mama alishtuka usingizini akahisi kitu kinamtekenya mdomoni, akapangusa, kikakimbilia shavuni. Hakulala tena mpaka saa nane. Kati ya muziki na mende, hakujua amlaani nani kwanza.

Siku hiyo hiyo, Bi Kinyaa akiwa ndiyo kwanza amefungua kufuli, mlango uligongwa. Alikuwa Fundi, amebeba gauni jeupe kwa mikono miwili kama mtu aliyebeba mtoto. Mbele ya gauni, kifuani kabisa, palikuwa na madoa ya kahawia, na kwenye pindo alikuwa amepondeka mende, matumbo nje.

Fundi alianza kwa upole. Alisema samahani dada, hakuja kugombana, lakini mende wanapita juu ya ukuta, na hili ni gauni la mteja wa tatu kuharibika, na mteja huyu ameshasema hatarudi. Aliomba tu waangalie pamoja wanatokea wapi. Kisha akainusa hewa ya chumba, akauona ukuta.

Mama alisimama. Ndani yake kulikuwa na wiki nne bila usingizi, na zote zilitoka kwa wakati mmoja.

"Wewe ndiye unakuja kulalamika?" alisema. "Mtoto wangu alikuja kwako, akakwambia nakesha kazini, akakuomba kwa adabu upunguze muziki. Ukasema utapunguza. Nimelala zamuni kwa sababu yako. Nimepewa barua kwa sababu yako. Haya matakataka ukutani ameyaweka mtoto wa miaka kumi na miwili ili mama yake apate usingizi, kwa sababu jirani mtu mzima hana utu."

Fundi alimtazama mama, akamtazama mtoto, akarudi kwa mama.

"Dada," alisema taratibu, "mimi nimeambiwa na nani?"

 Nyuma ya trei, mende walikimbia.

"Mimi ninalichunga kufuli lenu," Fundi aliendelea. "Nilifanya kazi miaka kumi na minane kwenye kiwanda cha nguo, mashine zikaniua sikio la kulia, na hili la kushoto nalo si zima. Bila sauti kubwa sisikii muziki, nasikia cherehani tu. Basi nikasema nisiwaudhi watu. Kila asubuhi naangalia mlango wa jirani. Nikiona kufuli, najua hamna mtu, nafungulia. Nikimwona mtoto anapita, napunguza. Jumamosi hakuna kufuli, siwashi sana. Sasa leo unaniambia kwamba siku zote hizo ulikuwa umefungiwa humu?"

Mama alikaa kitandani polepole. Alimgeukia binti yake, na hakupandisha sauti. Ingekuwa afadhali angepandisha.

"Ulimwambia?"

Bi Kinyaa alitazama chini. Mende mmoja alikuwa anapita karibu na kidole chake cha mguu, na kwa mara ya kwanza maishani hakuruka. Alisema hapana. Alisema hakumwambia, alifika mlangoni akarudi, kwa sababu ya pini zenye mate na kidole ndani ya kikombe. Alipoyasikia maneno hayo yakitoka mbele ya Fundi mwenyewe, aliyekuwa na gauni lililoharibika mikononi, alijichukia mpaka kwenye kucha. Machozi yalianza, na kamasi pia, na hakupangusa.

Fundi alikiangalia kidole chake kwa muda. Alikigeuza huku na huku. Wengi wangekasirika, na huenda naye alikasirika kidogo. Kisha akasema, "Kweli kinatisha," na akaweka gauni kwenye kiti.

"Lakini mimi linalonitisha zaidi ni kufuli," aliongeza. "Dada, chumba kina dirisha lenye nondo na mlango umefungwa kwa nje. Moto ukiwaka jikoni kwa mwenye nyumba saa nne asubuhi, nani ana ufunguo? Mtoto yuko shuleni. Na mimi jirani yako nitakimbia nikijua chumba chako ni kitupu."

Mama alifumba macho. Wazo hilo halikuwa limempitia hata siku moja. Alinyoosha mkono, akalichukua kufuli mikononi mwa binti yake, akalitia kwenye mfuko anaobebea sare.

Kazi ilianza mchana ule ule. Bi Kinyaa ndiye aliyebandua trei, zote arubaini, kwa mikono mitupu. Mama alisema aliyebandika ndiye atakayebandua. Kila moja ilipotoka ukutani mende walimwagika kama mchele kutoka kwenye gunia lililotoboka, wengine wakimpanda mkononi, wengine wakimwingia kwenye mkono wa blauzi. Mayai yao, vile vidonge vidogo vya kahawia, yalikuwa yamepangwa kwenye vishimo kwa safu, kama yanauzwa. Alitapika mara mbili, akanawa uso, akaendelea. Trei zilichomwa nyuma ya nyumba, na ukuta ukasuguliwa kwa sabuni ya unga na maji ya moto mpaka rangi ikaanza kutoka. Gauni jeupe lililowekwa kwenye beseni alilifua yeye, mara nne.

Fundi, kwa upande wake, alieleza kwamba trei za karatasi haziwezi kuzuia kitu. Sauti ni kama moshi, alisema, inatafuta uwazi, na uwazi uko juu pale. Tena mdundo unapita kwenye sakafu na ukuta, ndiyo maana kitanda kinatetemeka. Kiwandani mashine zilisimamishwa juu ya mpira mnene ili jengo lisitikisike. Alichukua viroba, akavijaza mabaki ya vitambaa aliyokuwa nayo rundo zima chini ya meza, akavishindilia mpaka vikawa vigumu, kisha wakavipandisha juu ya boriti kimoja kimoja na kuliziba pengo kutoka mwisho hadi mwisho. Spika aliing'oa ukutani. Aliiweka upande wa pili, juu ya godoro kuukuu lililokunjwa, karibu kabisa na sikio lake la kushoto.

"Miaka yote hii," alisema akicheka, "nimekuwa napigia mtaa mzima muziki, na sikio lenyewe liko hapa."

Walijaribu. Mama alilala kitandani, Fundi akafungulia, na Bi Kinyaa akasimama kati ya vyumba viwili. Ulisikika, lakini kwa mbali, kama redio ya nyumba ya tatu. Fundi alipunguza tena kidogo, mama akasema basi, hapo hapo. Wakakubaliana kuanzia sasa mlango utafungwa kwa komeo la ndani, na mama akiwa amelala atafunga kitambaa chekundu kwenye kitasa. Fundi alikipinda kingo mwenyewe kwa cherehani, na bibi mwenye nyumba akaitangazia korido nzima kwamba atakayegonga mlango wenye kitambaa chekundu atakuja kuazima chekeche kwake, na chekeche hana.

Jioni, mama akijiandaa kwenda kazini, alimkalisha binti yake kando ya kitanda. Fundi alikuwa bado mlangoni, akikusanya viroba vilivyobaki.

"Mende watakwisha siku mbili hizi," mama alisema. "Harufu imeshaondoka kwa sabuni. Lakini neno moja la uongo lilikaa humu ndani karibu mwezi mzima. Tulilala nalo, tulikula nalo, na wewe mwenye pua kuliko watu wote wa nyumba hii hukulisikia likinuka. Uchafu wa kikombe unaoshwa kwa maji. Ule ulioutoa mdomoni mwako ulikuwa umefika hospitali, umekaribia kunitoa kazini, na umemfanya mtu mwema aonekane mbaya. Kama kuna kitu cha kuonea kinyaa, mwanangu, anza na hicho."

Bi Kinyaa aliitikia kwa kichwa.

"Na mimi nina kosa langu," mama aliendelea, akimtazama Fundi. "Nilinuna badala ya kugonga mlango. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na sisi tulikuwa na ukuta na pengo juu yake."

Fundi alisema naye hana la kujitetea, maana aliliuliza kufuli badala ya kuwauliza watu, na kufuli halisemi. Wakaagana kwa salamu kamili, zile za kuulizana mpaka afya.

Wiki ile Bi Kinyaa aliomba kipande cha kitambaa cha buluu na pamba kidogo, akashona kimto cha pini kikubwa kama ndimu, mishono yake ikipinda huku na kule. Alimpelekea Fundi bila maelezo. Fundi alikitazama, akamtazama yeye, akasema, "Umeyachoka mate yangu," akazitoa pini zote mdomoni na kuzichomeka humo. Tangu siku hiyo pini zilikaa kwenye kimto, isipokuwa anaposahau, na alisahau mara nyingi. Muziki nao uliendelea, mdogo, karibu na sikio. Mama alilala usingizi wa kukoroma, na mara moja Fundi aliuliza kwa heshima kama anaweza kuongeza kiroba kimoja upande wake.

Mwisho wa mwezi mama alipata siku ya mapumziko. Mchana, akiwa anakunja sare yake, alimwambia binti, "Nenda kwa Fundi. Mwambie leo usiku sina zamu, kwa hiyo kesho asubuhi nitakuwa sokoni. Afungulie muziki wake atakavyo."

Bi Kinyaa alikwenda. Alivuka kizingiti, akakaa kwenye kigoda, akaamkia, akasema ujumbe wote neno kwa neno. Fundi alimmiminia chai. Kidole kilizunguka kikombeni kama kawaida yake. Msichana alikiona, akaomba kikombe akakioshe mwenyewe bombani, akarudi nacho, akanywa mpaka chini. Haikuwa chai mbaya.

Aliporudi mama alikuwa bado anakunja nguo.

"Umemwambia?"

"Nimemwambia."

Mama hakuuliza amesemaje. Hakutega sikio ukutani, wala hakwenda kuhakikisha. Alisema "Asante, mwanangu," akaendelea kukunja.